Klabu ikihamishwa, historia yake inabaki na nani?

"Mimi ni mwanachama wa klabu ya soka ya wilayani kwetu, hapa Tanzania, iliyoanzishwa na wazee wetu. Kuna mfanyabiashara anataka kununua nafasi yetu ya ligi na kuihamishia timu mkoa mwingine. Kwenye kikao, kiongozi mmoja alituambia tusihofu, kwani hata Uingereza Wimbledon ilihamishiwa Milton Keynes, ikabadilishwa jina, na historia yake yote ikaenda nayo, pamoja na Kombe la FA walilolitwaa kwa kumfunga Liverpool. Mwanachama mwingine akapinga, akasema kombe hilo ni la AFC Wimbledon, klabu iliyoundwa na mashabiki. Wa tatu akasema AFC ilizaliwa mwaka 2002, sasa inadaije kombe la mwaka 1988? Tulitawanyika bila jibu. Naomba ufafanuzi: historia ya Wimbledon ni ya nani? Na sisi tukiuza nafasi yetu, tunabaki na nini?"

Ndugu msomaji, umeuliza maswali mawili, na yote nitayajibu. Naanza na Wimbledon kwa sababu kiongozi wenu amewasimulia nusu tu ya kisa hicho, na nusu aliyoiacha ndiyo inayowahusu ninyi zaidi.

Niondoe kwanza kosa lililo wazi. Klabu ya Milton Keynes, ambayo leo inaitwa MK Dons, haidai Kombe la FA la mwaka 1988. Ni kweli kwamba mwanzoni ilijihesabu kuwa mwendelezo wa Wimbledon FC, lakini baada ya mazungumzo yaliyosimamiwa na shirikisho la mashabiki wa Uingereza yalifikiwa makubaliano mwaka 2006, na tarehe 2 Agosti 2007 nakala za makombe na kumbukumbu nyingine za Wimbledon zilikabidhiwa kwa halmashauri ya Merton, ambayo ndiyo manispaa ya London yenye eneo la Wimbledon ndani yake. Tangu hapo MK Dons wanahesabu historia yao kuanzia mwaka 2004. Kwa hiyo anayewaambia kwamba historia ilihama pamoja na timu anataja mfano ambao mwisho wake ulikuwa kinyume kabisa na anavyodhani.

Sasa ili uelewe kwa nini ugomvi ule ulikuwa mkali kiasi kile, lazima ujue kilichohamishwa kilikuwa nini. Watu wengi wanaposikia Wimbledon hufikiria tenisi na nyumba za matajiri. Klabu ya soka ilianzishwa mwaka 1889 na vijana waliosoma shule moja ya pale, ikiitwa Wimbledon Old Centrals, na ilikuwa ikicheza kwenye uwanda wa wazi wa Wimbledon Common. Mwaka 1905 ikachukua jina la Wimbledon, na mwaka 1912 ikahamia kwenye kiwanja cha Plough Lane. Kwa miaka mingi ilikuwa klabu ya ridhaa, ya wachezaji wenye kazi zao nyingine. Mwaka 1963 ilitwaa Kombe la Ridhaa la FA pale Wembley kwa kuifunga Sutton United 4-2, na mabao yote manne ya Wimbledon aliyafunga mtu mmoja, Eddie Reynolds, yote kwa kichwa. Mwaka uliofuata klabu ikaingia kwenye soka la kulipwa.

Iko mechi moja ya mwaka 1975 ambayo ningependa kila mwanachama wenu aijue. Wimbledon walikuwa bado nje ya Football League, yaani ligi ya taifa ya klabu za kulipwa, lakini kwenye Kombe la FA waliifunga Burnley ya Daraja la Kwanza, lililokuwa la juu kabisa wakati huo, 1-0 nyumbani kwake, kisha wakapangwa na Leeds United, waliokuwa mabingwa wa Uingereza, tena ugenini. Leeds walipata penalti, akapiga Peter Lorimer, mtu aliyeogopwa na makipa wote kwa mashuti yake. Kipa Dickie Guy akaiokoa, na mchezo ukaisha 0-0. Marudiano Wimbledon walifungwa bao 1-0, lakini England nzima ilikuwa imeshawajua. Mwaka 1977 walipigiwa kura kuingia Football League badala ya Workington, na baada ya miaka tisa tu wakawa Daraja la Kwanza. Tarehe 14 Mei 1988 walicheza fainali ya Kombe la FA na Liverpool iliyokuwa bingwa wa ligi. Dakika ya 37 Dennis Wise alipiga mpira wa adhabu kutoka upande wa kushoto, Lawrie Sanchez akaugusa kwa kichwa ukaingia kona ya mbali. Kipindi cha pili John Aldridge akakosa penalti, maana Dave Beasant aliruka kushoto kwake na kuipangua. Ilikuwa penalti ya kwanza kuokolewa katika fainali ya Kombe la FA pale Wembley, na Beasant, aliyekuwa nahodha, ndiye aliyelipokea kombe hilo.

Klabu yenye historia ya namna hiyo ilihamishikaje? Hapa ndipo mzizi wa jambo ulipo, na naomba usome taratibu, maana ndipo mtakapoamua hatima yenu.

Klabu za Uingereza ziliundwa na watu wa mahali fulani, wafanyakazi wa kiwanda, waumini wa kanisa au wanafunzi wa shule moja, lakini kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 nyingi zilijisajili kuwa kampuni, ili kiongozi asidaiwe mali yake mwenyewe klabu ikishindwa kulipa madeni. Kuanzia hapo klabu ikawa na sura mbili. Kisheria klabu ni kampuni yenye hisa, na kampuni hiyo ndiyo inayoshikilia nafasi ya ligi, mikataba ya wachezaji na, mara nyingi, kiwanja. Machoni pa watu klabu ni jina, rangi, mahali na mazoea ya vizazi. Kwa miaka mingi sura hizo mbili zilikaa pamoja na hakuna aliyeona haja ya kuzitofautisha. Siku mwenye hisa alipotaka kwenda kwingine, watu waligundua kwamba sura ya pili haikuandikwa popote.

Hatua ya kwanza ilikuwa kiwanja, na ndivyo inavyokuwa karibu kila mahali. Baada ya maafa ya mwaka 1989 kwenye uwanja wa Hillsborough, ambako mashabiki walikufa kwa kubanana, serikali iliagiza viwanja vya madaraja ya juu viwe na viti kwa watazamaji wote. Plough Lane kilikuwa kidogo na kikuukuu, hivyo mwaka 1991 klabu ikahamia Selhurst Park kama mpangaji wa klabu ya Crystal Palace. Ilisemwa kwamba ni kwa muda. Mmiliki, Sam Hammam, aliuza klabu kwa wawekezaji wa Norway mwaka 1997, na kiwanja kikauzwa peke yake kwa kampuni ya maduka makubwa. Hatimaye Plough Lane kilibomolewa, pakajengwa majengo ya makazi yaitwayo Reynolds Gate, kwa jina la yule mfungaji wa mabao manne ya kichwa. Klabu isiyo na kiwanja ni rahisi kuhamishwa, kwa sababu hakuna kinachoifunga mahali ilipo. Ningekuwa mwanachama wenu, hili la kiwanja ningeliuliza kabla ya swali lingine lolote.

Wimbledon walishuka kutoka Ligi Kuu tarehe 14 Mei 2000, miaka 12 kamili tangu ile fainali. Hasara ilikuwa kubwa. Mwezi Agosti 2001 mwenyekiti Charles Koppel alitangaza nia ya kuihamishia klabu Milton Keynes, mji mpya ulio umbali wa kilomita zipatazo 90, ambako kundi la watu lililoongozwa na Pete Winkelman lilikuwa likitafuta timu ya kulipwa. Football League ilikataa. Rufaa ikakatwa, na suala likaishia kwa tume ya watu watatu iliyoteuliwa na FA, chama cha soka cha England. Tarehe 28 Mei 2002 tume hiyo iliruhusu uhamisho kwa kura mbili dhidi ya moja. Mashabiki walikuwa wamesema kwamba klabu ikihama wataunda nyingine, na tume ikaandika kwamba kufufua klabu kutoka kwenye majivu kwa namna hiyo hakuna maslahi kwa soka kwa ujumla.

Nadhani tume ilikosea, na nalisema hili kwa uzito. Ilipima hesabu za kampuni, na hesabu hizo kweli zilikuwa mbaya. Lakini kilichokuwa kikiamuliwa hakikuwa cha kampuni peke yake, na waliokuwa wakipoteza zaidi hawakuwa na hata kura moja.

Jibu la mashabiki lilikuja haraka. Tarehe 29 Juni 2002 walifanya majaribio ya wachezaji pale pale Wimbledon Common, walikoanzia waasisi mwaka 1889, na watu wapatao 230 walijitokeza kuomba nafasi. Waliipa timu jina la AFC Wimbledon, wakavaa bluu na njano, wakaweka kwenye nembo tai mwenye vichwa viwili aliyekuwa kwenye nembo ya klabu ya zamani, na wakapanga kwenye kiwanja cha Kingsmeadow huko Kingston. Mechi ya kwanza ya kirafiki walifungwa 4-0 na Sutton United mbele ya watazamaji 4,657. Walianzia Combined Counties League, ngazi ya tisa ya soka la England. Msimu huo wa kwanza wastani wa watazamaji wao ulipita 3,000, huku Wimbledon FC, iliyokuwa bado ngazi ya pili na bado inacheza Selhurst Park, ikishindwa kufikisha idadi hiyo. Mtu akiniuliza klabu ilikuwa upande gani msimu ule, namwonyesha tarakimu hizo mbili kabla ya karatasi yoyote.

Kampuni ya zamani nayo iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi mwezi Juni 2003, timu ikahamia Milton Keynes mwezi Septemba mwaka huo, na mwaka 2004 Winkelman akachukua mali na nafasi ya ligi chini ya kampuni mpya na jina jipya. Hapa yule mwenzenu wa tatu ana sehemu ya ukweli. Kisheria, kampuni iliyocheza fainali ya mwaka 1988 si AFC Wimbledon, na wala si MK Dons. Zote mbili zilisajiliwa baadaye. Anayeshikilia karatasi za usajili kuwa ndiyo hoja pekee atalazimika kukubali kwamba kombe lile halina mwenyewe, na sijaona mtu yeyote Wimbledon anayeishi kana kwamba hilo ni kweli.

Katika soka historia hurithishwa kwa kutambuliwa, na utambuzi huo huangalia nani aliendelea. Manchester United ilianza mwaka 1878 ikiitwa Newton Heath, ikiwa timu ya wafanyakazi wa reli. Mwaka 1902 ilikaribia kufa kwa madeni, ikaokolewa na mfanyabiashara J. H. Davies, ikabadilishwa jina, na hakuna anayehesabu historia yake kuanzia 1902. Arsenal ilihama kutoka kusini-mashariki ya London kwenda Highbury, kaskazini, mwaka 1913, na ikabaki kuwa ile ile ya mwaka 1886, ingawa watu wa Woolwich, ilikotoka, waliumia. Kwa upande mwingine, Leeds City ilifukuzwa kwenye ligi mwaka 1919 na wachezaji wake wakanadiwa hotelini. Leeds United ikaundwa mara moja, ikachukua kiwanja kile kile cha Elland Road na mashabiki wale wale, lakini haidai historia ya Leeds City. Nao mashabiki walioanzisha FC United of Manchester mwaka 2005, kwa kupinga ununuzi wa familia ya Glazer, hawadai makombe ya Manchester United, kwa sababu Manchester United bado ipo na bado iko Manchester. Unaona kwamba hakuna kanuni moja inayofanya kazi kila mahali. Ndiyo maana kiongozi anayewaahidi kwamba historia itahama, au kwamba itabaki, anaahidi kitu kisicho mikononi mwake.

Kwa Wimbledon hoja ya mwendelezo ina nguvu isiyo ya kawaida. Dickie Guy, yule kipa wa mwaka 1975, alikuja kuwa rais wa AFC Wimbledon. Neal Ardley, aliyelelewa kisoka na kuichezea Wimbledon ya Ligi Kuu, ndiye kocha aliyewapandisha League One, ngazi ya tatu, mwaka 2016 kwa ushindi wa 2-0 dhidi ya Plymouth Argyle pale Wembley. Kati ya Februari 2003 na Desemba 2004 walicheza mechi 78 za ligi bila kufungwa, rekodi ya soka la wakubwa nchini England. Mwaka 2011, miaka tisa tu tangu majaribio ya Wimbledon Common, waliingia Football League kwa kuwashinda Luton Town kwa mikwaju ya penalti. Na tarehe 3 Novemba 2020 walirudi Plough Lane, kwenye kiwanja kipya kilicho karibu na kilipokuwa cha zamani, wakatoka sare ya 2-2 na Doncaster Rovers. Kwa sababu ya janga la Uviko-19 hakukuwa na shabiki hata mmoja jukwaani, jambo ambalo bado linanisikitisha nikilifikiria, kwa maana wao ndio waliochanga. Ujenzi ulipokwama kwa upungufu wa fedha, walikopesha klabu yao zaidi ya pauni milioni 5 kwa hati za mkopo.

Hisa nyingi za klabu ni za mashabiki wenyewe kupitia chombo kiitwacho Dons Trust, ambamo kila mwanachama ana kura moja, awe amechangia kidogo au kikubwa. Hilo ndilo fundisho walilolilipia ghali. Si njia nyepesi, kwa kuwa klabu ya namna hiyo haina tajiri wa kuziba pengo la fedha, na mwaka 2022 walishuka daraja kabla ya kupanda tena mwaka 2025 kwa kuifunga Walsall 1-0. Lakini hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka asubuhi akaipeleka kilomita 90.

Haki inanidai niseme neno kuhusu Milton Keynes pia. Mtoto aliyezaliwa kule hakumwibia mtu chochote. Dele Alli ni mzaliwa wa mji huo na alikulia kwenye akademi ya klabu yake. Mwezi Agosti 2014 MK Dons waliifunga Manchester United 4-0 katika Kombe la Ligi, na usiku ule ni wao, hawakuazima kwa mtu. Ninachokataa ni njia iliyotumika kupata nafasi ya ligi, na naamini mji ule ungestahili kupanda na timu yake kuanzia chini. Uingereza yenyewe imekiri kosa kwa vitendo. Sheria ya Uongozi wa Soka ya mwaka 2025 imeunda msimamizi huru, na kwa masharti yake mmiliki hawezi kuuza kiwanja cha nyumbani au kuihamisha klabu bila idhini ya msimamizi huyo, wala kubadilisha nembo na rangi bila kujali mashabiki.

Sasa nije kwenu. Tanzania mfano mnao jirani: Ihefu ya Mbarali ilihamia Singida na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Kuuza nafasi ya ligi si dhambi. Iko klabu iliyolemewa na madeni, wachezaji hawajalipwa, nauli ya ugenini inachangishwa kwa bakuli, na fedha za mnunuzi zinaweza kulipa wanaodai na kuanzisha timu ya vijana. Lakini mjue mnachouza. Mkiuza nafasi ya ligi mnampa mnunuzi haki ya kucheza daraja lile. Mkiuza pamoja na jina, nembo na rangi, mmejifungia mlango wa kuanza upya kama mlivyo. Wimbledon waliweza kurudi kwa sababu hakuna aliyewazuia kuvaa bluu na njano na kujiita Wimbledon. Mkataba wenu unaweza kuandikwa vibaya kiasi cha kuwanyima hata hilo.

Zipo njia tatu ninazoziona. Mnaweza kukataa na kukubali kushuka daraja, jambo linalouma lakini mara nyingi linavumilika kuliko watu wanavyodhani. Mnaweza kumpa mnunuzi sehemu ya hisa huku wanachama wakibaki na kura nyingi, pamoja na sharti la maandishi kwamba mahali, jina na rangi havibadilishwi bila mkutano mkuu. Au mnaweza kuuza nafasi peke yake, mkabaki na jina, kumbukumbu na kiwanja, mkaanza upya ligi ya wilaya. Mimi ningeichagua ya pili kama mnunuzi anaikubali, na ningeshuku nia ya mnunuzi anayeikataa bila sababu ya maana.

Hapo ndipo mwisho wa msaada wa maandishi, kwani sijaiona katiba yenu. Msitie saini yoyote kabla ya kuonana ana kwa ana na wakili aliyeisoma. Nendeni na katiba, cheti cha usajili, daftari la wanachama hai, kumbukumbu za mikutano na nyaraka za kiwanja. Mwulizeni nani hasa ana mamlaka ya kuuza, na kama uamuzi wa kamati ya utendaji unatosha bila mkutano mkuu. Afisa michezo wa wilaya na chama cha soka cha mkoa watawaeleza utaratibu wa kuhamisha nafasi, na usajili wenu unaweza kuthibitishwa kwa Msajili aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Ikiwa kiwanja kimeanza kuombewa hati kwa jina la mtu binafsi, au kama mmeambiwa malipo ya awali yameshapokelewa wakati mkutano haujaitwa, msingoje kikao kijacho. Nendeni kwa wakili wiki hii, na ombi la kuitisha mkutano mkuu wa dharura liandikwe na kusainiwa na idadi ya wanachama inayotajwa kwenye katiba yenu.